Kabla ya kununua kamera



Kamati za afya za parokia zimepata hamu kubwa ya kutoa elimu kwa redio, kwa mabango na kwa filamu fupi za simu. Sisi tunaofanya kazi wodini tunafurahi, kwa sababu mengi tunayoyaona pale yangeweza kuzuiwa nyumbani. Lakini kamati zinazofika hospitali kuomba ushauri huanza na swali moja: "Sista, tununue kamera ya aina gani?" Swali hilo ni la mwisho. La kwanza ni kujua katika vigango vyenu nani anaugua, nani anakufa, na ni uamuzi wa nani ungeweza kumwokoa.

Katika toleo hili tuzungumzie namna mradi kama huo unavyopangwa. Wataalamu wa lugha wameuita medianuwai, maana yake ujumbe mmoja unaopitishwa kwa vyombo vingi kwa pamoja: sauti, maandishi, michoro, filamu, na siku hizi meseji za simu. Neno ni jipya, kazi si mpya. Nchi yetu imewahi kuifanya kwa ufanisi mkubwa, tena kabla ya kompyuta.

TULIKOTOKA

Wasomaji wenye umri mkubwa watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Mimi nilikuwa mdogo sana, habari zake nilizipata kwa mama yangu. Mpaka uzeeni alikuwa akisema "wakati ule wa Mtu ni Afya" kama watu wengine wanavyosema "wakati ule nikiwa shule". Kampeni iliendeshwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikishirikiana na Wizara ya Afya. Kwa wiki 12, watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi cha redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, halafu wakakata shauri la kutenda. Walijifunza habari za malaria, safura, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu.

Ukiwauliza watu leo watakuambia ilikuwa kampeni ya redio. Sivyo hasa. Redio ilikuwa mkono mmoja tu. Nguvu yake ilikuwa kwa viongozi wa vikundi wapatao 75,000 waliopewa mafunzo kwanza, mafunzo yaliyoshuka ngazi kwa ngazi mpaka vijijini. Wala Taasisi haikukurupuka. Ilikuwa imejaribu njia hiyo kwa kiasi kidogo katika kampeni ya Kupanga ni Kuchagua ya 1969 na 1970, kisha Wakati wa Furaha ya 1971, ikajifunza na kurekebisha. Na somo halikuishia kwenye kusikia. Kikundi kilipomaliza kuzungumza kilitoka nje kufukia madimbwi, kufyeka majani, kuchimba vyoo. Vyoo vilivyochimbwa nchini kwa ajili ya kampeni hiyo vilikadiriwa kuwa mamia ya maelfu.

Miaka 20 baadaye, Julai 1993, Radio Tanzania Dar es Salaam ilianza mchezo wa Twende na Wakati, nusu saa mara mbili kwa wiki. Nani wa rika langu asiyemkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori mwenye wanawake kila kituo, na mkewe Tunu? Mkwaju aliambukizwa virusi vya UKIMWI. Tunu alichoka, akaondoka, akaanza biashara yake ndogo. Mchezo ulizungumzia pia mipango ya uzazi, jambo ambalo halikuwapendeza wote. Hapa ninautazama jinsi ulivyopangwa tu. Njia yake ilibuniwa na Miguel Sabido huko Mexico katika miaka ya 1970: kuwe na mhusika anayetenda vibaya, mwingine anayetenda vema, na wa tatu anayesitasita katikati, maana msikilizaji aghalabu yuko kwa yule wa tatu. Kabla ya kuandika mstari wa kwanza, waandaaji waliwahoji maelfu ya watu. Na kwa makusudi, eneo la mtambo wa Dodoma halikurushiwa mchezo mpaka mwaka 1995, ili watafiti walinganishe waliosikia na wasiosikia. Nitarudi kwenye hilo la Dodoma.

Wa tatu ni mradi wa Wazazi Nipendeni ulioanza Novemba 2012. Huu ulikuwa na matangazo ya redio, mabango, na meseji za bure kwa wajawazito na wasaidizi wao. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2017 ilionyesha kuwa mama aliyekutana na ujumbe kwa njia nyingi alielekea zaidi kuwa na mpango wa kujifungua kuliko aliyekutana nao kwa njia moja. Ndiyo faida ya vyombo vingi. Anayesahau alichosikia redioni Jumatatu atakiona ukutani zahanati siku ya Alhamisi, na Jumapili atakisikia kwa kwaya.

NANI ANAYEAMUA

Sasa tuje kwetu. Tuchukue jambo moja tunalolijua: wajawazito wanaofika hospitali wakiwa wamechelewa. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba kuchelewa kuko kwa aina tatu. Kwanza kuchelewa kukata shauri nyumbani, pili kuchelewa njiani, tatu kuchelewa kuhudumiwa ukishafika. Wakunga wengi wa umri wangu wamefundishwa hayo na bado naona yanatufaa.

Mama mmoja aliletwa kwetu saa mbili asubuhi akiwa ametoka damu tangu jana yake jioni. Mimba ya miezi minane. Mumewe alikuwa ziwani, simu haipatikani. Mama mkwe alikuwepo, lakini hakuthubutu kutoa fedha wala kuuza mbuzi bila mwanawe kusema. Tulimwongezea damu mama, tukampeleka chumba cha upasuaji, akapona. Mtoto hakupona.

Alipopata nguvu nilimuuliza kama alikuwa anajua kuwa damu katika mimba ni dalili ya hatari.

"Nilijua, sista. Mlitufundisha kliniki. Nilimwambia mama, akasema tusubiri baba Juma apige simu."

Mama mkwe alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, amejifunika kanga mpaka kichwani. Hakuwa mtu mbaya. Yeye mwenyewe alijifungulia nyumbani mara saba, na damu kidogo kwake halikuwa jambo la kuuzia mbuzi.

Fikirini hapo. Tukibandika bango lingine kliniki kumfundisha mjamzito dalili za hatari, tutakuwa tunamfundisha anayejua. Mradi wetu unapaswa kusema na mama mkwe na mume, na hao hawaketi kwenye benchi la kliniki. Mama mkwe yuko jikoni, sokoni, kwenye jumuiya ndogo ndogo. Mume yuko kijiweni, mwaloni, machimboni. Kwa hiyo uchaguzi wa chombo unatokana na mtu, na mtu anatokana na kifo mnachotaka kukizuia. Kamati inayoanza na kamera inaanzia mkiani.

Mkishamjua mtu wenu, andikeni lengo kwa sentensi moja. "Kuelimisha jamii kuhusu afya ya uzazi" si lengo, ni maneno ya kuombea fedha. Lengo liwe hivi: kabla ya mwezi wa saba wa mimba, kila familia yenye mjamzito katika vigango hivi iwe imeamua nani atatoa ruhusa mume asipokuwepo, usafiri utatoka wapi, fedha zinawekwa kwa nani, na nani atakuwa tayari kutoa damu. Hilo linaweza kuhesabiwa. Mwaka ukiisha mtapita nyumba hadi nyumba kuuliza.

KILA CHOMBO NA KAZI YAKE

Redio inafaa kwa hadithi. Mzee asiyependa kufundishwa na kijana atasikiliza mchezo wa mama mkwe mwenzake mpaka mwisho, kisha atabishana nao siku nzima. Bango linafaa kukumbusha mambo machache tu: kutoka damu, kuumwa kichwa sana pamoja na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, homa kali, mtoto kuacha kucheza tumboni, chupa kupasuka kabla ya wakati. Hayo yanatosha kulijaza. Mkiongeza lishe na chandarua hakuna atakayesoma. Filamu fupi itumike pale maneno yanaposhindwa, kwa mfano kuonyesha namna ya kumbeba njiti kifuani ngozi kwa ngozi. Sioni sababu ya filamu ya dakika kumi inayomwonyesha daktari amekaa mezani anaongea; huyo angetosha redioni. Meseji ni nzuri kwa kukumbusha tarehe. Lakini kukata shauri lenyewe, nani atatoa mbuzi, hakufanyiki kwenye simu. Kunafanyika watu kumi wakiwa wamekaa chini ya mwembe, na mmoja wao akisema mbele ya wengine, "Mimi nisipokuwepo, kaka yangu atoe."

Hapo parokia zetu zina utajiri ambao wakubwa wa miradi wanaununua kwa fedha nyingi. Jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki. Tuna katekista anayejua kila nyumba, na kwaya ambayo ikipewa ujumbe wiki mbili kabla inatunga wimbo utakaoimbwa na watoto njiani. Mtu ni Afya ilibidi iunde vikundi vyake, sisi vipo.

Kuhusu uandishi nitasema kwa kifupi. Andiko la filamu hugawanywa katika safu mbili, kushoto kinachoonekana, kulia kinachosikika. Mkiona safu ya kushoto imejaa "mtu anaongea, mtu anaongea", jueni hiyo ni kazi ya redio. Mhudumu wa afya alisome andiko kabla ya kurekodi, si baada, kwa sababu kosa la dawa au la kipimo likisharekodiwa kila mtu huona uvivu kulirekebisha. Na lugha iwe ya watu wenu. Neno "rufaa" wengi wanalijua kwa mahakama. Kijijini semeni "kupelekwa hospitali kubwa".

JARIBUNI KWANZA

Hatua inayorukwa kuliko zote ni kuujaribu mchoro au kipindi kwa watu wachache kabla ya kutoa nakala. Naielewa haraka hiyo. Fedha zimefika, mchapaji anasubiri, Baba Paroko anataka kuzindua siku ya somo wa parokia. Lakini sikilizeni kilichotokea kwa bango moja lililoletwa wodini kwetu. Msanii alikuwa amemchora mjamzito ameshika kichwa, nyota zikizunguka, kuonyesha kichwa kinachouma. Tulimwonyesha bibi mmoja aliyekuwa anamwuguza mjukuu wake.

"Shikamoo bibi. Hapa unaona nini?"

"Marahaba mwanangu. Naona huyu mwanamke kapigwa na mumewe."

"Na hizi nyota?"

"Si usiku? Wanapigwa usiku."

Hakuna aliyemcheka. Katuni za nyota kichwani zinaeleweka kwa waliosoma katuni. Bibi alieleza alichokiona, na wanaotoka kijijini kwake wangeona hivyo hivyo. Mchoro uliofuata ulikuwa wa mwanamke aliyelala, amefungwa kitambaa kichwani, jirani amemshika mkono. Wote tuliowaonyesha walisema, "Anaumwa kichwa."

Jambo jingine ni rangi. Damu iliyochorwa nyekundu katika nakala ya kwanza, ikitolewa fotokopi nyeusi na nyeupe ili kupunguza gharama, inageuka kuwa kivuli kwenye gauni. Mchoro wa mguu peke yake au tumbo peke yake nao huwatia watu hofu; huona kiungo kilichokatwa. Tena asiyezoea kusoma haanzi lazima kushoto kwenda kulia. Michoro minne iliyopangwa safu mbili anaweza kuifuata kwa kushuka chini, akaona mama ametoka hospitali halafu ndipo anaumwa. Njia ya kujaribu ni rahisi. Mwonyesheni mtu mmoja mmoja, si kundi, kwa sababu katika kundi wote watafuata jibu la mwenyekiti. Msimuulize "umeelewa?" Kwa heshima atasema ndiyo. Muulizeni anaona nini, na angefanya nini akiona hivyo nyumbani kwake. Watu kumi au kumi na watano wa vigango mbalimbali watawaonyesha makosa karibu yote.

FEDHA NA VIFAA

Kamera sasa. Simu nzuri ya kijana mmoja wa parokia inatosha kwa kazi hii. Nunueni kipaza sauti kidogo cha kubana kwenye nguo na kigoda cha miguu mitatu cha kusimamishia simu, kwani watazamaji husamehe picha mbaya lakini hawavumilii sauti isiyosikika. Kwa maoni yangu vifaa visizidi robo ya fedha zote. Zinazobaki zigawiwe mafunzo ya viongozi wa jumuiya, nauli za vigango vya mbali, kujaribu, kurekebisha, na muda wa kurusha redioni. Nimeona vifaa vya thamani vikikaa kabatini miaka miwili kwa kukosa nauli ya pikipiki.

Pimeni pia njia ya upande wa hospitali. Ukiwaambia watu wakimbilie, wakikimbilia wakute mlango umefungwa, umewaharibia imani kwa miaka mingi. Tangu mwaka 2022 nchi yetu imeanza kueneza mfumo wa m-mama wa kuwasafirisha wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga walio katika hatari, kwa kupiga 115 bila malipo. Kabla hamjaiweka namba hiyo kwenye wimbo, ipigeni mkiwa kigangoni kwenu. Ulizeni madereva ni akina nani na mvua ikinyesha wanapita wapi. Nendeni zahanati mkaulize zamu ya usiku ni ya nani. Hapo ndipo kamati inapojifunza zaidi, na wakati mwingine mradi wa filamu hugeuka kuwa mradi wa kutengeneza daraja, jambo ambalo halipaswi kuwahuzunisha.

Halafu kuna suala la picha za wagonjwa. Si halali kumpiga picha mama kitandani na kuirusha kwenye makundi ya simu eti ni mfano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti, zinazohitaji ridhaa yake. Hata bila sheria, mgonjwa anayeulizwa na muuguzi wake anaogopa kukataa. Aulizwe na mtu mwingine, akiwa amepona, mume akiwepo na asipokuwepo, na aambiwe wazi kwamba picha ikishaingia kwenye simu za watu hairudi. Mimi napendelea waigizaji. Vijana wetu wanaigiza vizuri, na hakuna anayeaibika sokoni.

KUHESABU

Turudi Dodoma. Kuwanyima watu wa eneo lile mchezo kwa miaka miwili kulikuwa na uzito wake, nami sioni parokia ikifanya hivyo kwa makusudi. Lakini nyinyi hamtaweza kufika vigango vyote kwa mara moja, mtake msitake. Basi anzeni na vichache, vingine vifuate baada ya miezi sita, na katika kipindi hicho linganisheni. Hesabuni kabla ya kuanza: katika miezi sita iliyopita ni wajawazito wangapi wa kila kigango walifika wakiwa wamechelewa saa ngapi tangu dalili ya kwanza. Mwombeni mganga mfawidhi. Takwimu zipo katika rejesta ya wodi ya wazazi, na hamhitaji majina.

Kisha mwombeni muuguzi wa zamu aongeze maswali mawili kwa kila anayepokelewa: nani aliyeamua uje, na habari ulizipata wapi. Katika utafiti wa Twende na Wakati nao waliuliza hivyo hivyo kwenye kliniki. Majibu yaandikwe kwa maneno ya mgonjwa mwenyewe, "wimbo wa kwaya", "mama Tesha wa jumuiya", "redio", "hakuna". Kila baada ya miezi mitatu kamati ikae na orodha hiyo. Ikiwa kipindi cha redio hakitajwi, tazameni saa yake kabla hamjalaumu andiko. Saa kumi na mbili na nusu jioni mama mkwe yuko jikoni na redio iko sebuleni kwa vijana. Wakati wa kulima wote wako shambani mpaka giza. Kituo cha redio kinaweza kukubali kurudia kipindi Jumapili mchana, mkiomba mapema na kwa barua.

Na kigango kile cha mwisho, cha ng'ambo ya mto, nauli yake iandikwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kwa jina lake.